Hospitali Isiyofiwa

Nchi ya Fanakani haimo kwenye ramani, na serikali yake imeshatoa maelezo: ramani huchorwa na watu wenye wivu. Lakini ipo. Ina bendera ya rangi saba, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na nne, na ina hospitali mbili za kutibu saratani. Moja imejengwa kilimani na inaitwa Hospitali Teule ya Daraja la Juu. Nyingine iko bondeni, nyuma ya machinjio, na inaitwa Hospitali ya Umma ya Daraja la Chini. Wananchi, ambao siku zote wana haraka, husema Juu na Chini tu, na kila mtu anaelewa.

Yafuatayo ndiyo yaliyompata Mwalimu Kazija Mbaruku katika hospitali hizo mbili. Hayakutiwa chumvi hata kidogo. Chumvi yote ya nchi ile ilishatumiwa na wizara.

Mwalimu Kazija alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na ishirini na minane kati ya hiyo alikuwa akifundisha hesabu darasa la sita. Alikuwa na ugonjwa mmoja wa kudumu kabla hajapata huu mwingine: hakuweza kuliacha jibu lisilo sahihi lipite mbele yake. Aliwahi kumsimamisha mshereheshaji katikati ya harusi ya mpwa wake kwa sababu alisema wageni waliohudhuria ni mia tano, ilhali viti vilikuwa mia mbili na arobaini na watu wengine walikaa viwili viwili kwa unene. Mumewe, Badru Tindwa, fundi baiskeli, alikuwa mtu wa maneno machache, labda kwa sababu kila alipotaja namba ilisahihishwa.

Siku moja akiwa anaoga, Mwalimu aligusa uvimbe kwenye titi la kushoto. Ulikuwa mgumu kama punje ya hindi kavu. Hakupiga kelele. Alijikausha, akavaa, akaenda kumwambia mumewe aliyekuwa ameinamia gurudumu.

"Baba Latifa, nina uvimbe titini. Nimeugusa mara tatu. Upo."

Badru aliweka bisibisi chini. Latifa, binti yao wa pekee, alikuwa ameolewa mji wa mbali, kwa hiyo wa kushauriana naye hakuwepo ila redio. Na redio, wiki hiyohiyo, ilikuwa ikitangaza Taarifa ya Uhai, ile inayosomwa kila mwaka na Waziri wa Afya Njema, Mheshimiwa Profesa Daktari Mhandisi Kilumanga.

"Ndugu wananchi," Waziri alisema, "katika Hospitali ya Juu, wagonjwa wa saratani waliofariki ni sifuri! Narudia kwa faida ya wenye masikio mazito: sifuri! Mataifa makubwa yanatuuliza siri yetu, nasi tumekataa kuitoa. Lakini kule Chini, nasema kwa uchungu, katika kila wagonjwa mia, sitini na tisa wanafariki. Huu ni uzembe. Kwa hiyo serikali yenu sikivu imeipunguzia Chini bajeti kwa nusu, ijifunze adabu, na nusu hiyo imeipa Juu, kama zawadi kwa wanaojituma."

Makofi yalisikika, kisha bendi.

"Sifuri," Mwalimu alisema polepole. "Nimefundisha hesabu miaka ishirini na minane, sijawahi kuona sifuri nzuri kiasi hicho."

"Tuuze kiwanja," Badru akasema.

Siku nyingine angebisha. Lakini sasa uvimbe ulikuwa titini mwake mwenyewe, si ubaoni, na ile sifuri ilimwita kwa sauti tamu. Kiwanja kiliuzwa Jumanne. Alhamisi walipanda kilimani.

* * *

Juu palikuwa pazuri, hilo lazima lisemwe. Mlangoni kulikuwa na chemchemi inayorusha maji ya rangi ya waridi, na ukumbini kijana aliyevaa tai alipiga kinanda toka asubuhi hadi jioni. Wagonjwa hawakuitwa wagonjwa, waliitwa wateja wapendwa. Daktari bingwa aliingia wodini na wasaidizi watatu: mmoja alishika faili, mmoja alishika mlango, na wa tatu alibeba kipimo cha kusikilizia moyo juu ya mto wa mahameli.

Kulikuwa na ada ya kumwona daktari na ada ya kuonwa na daktari. Kulikuwa na ada ya kusubiri kwa starehe, na waliokataa kuilipa waliambiwa wasubiri kwa taabu, jambo ambalo lilikuwa na ada yake ndogo. Kipimo cha damu kilikuwa cha aina tatu, shaba, fedha na dhahabu, na ilipotokea majibu ya shaba yametoka mazuri, mteja alishauriwa apime dhahabu ili ajue uzuri wake umefikia wapi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Baada ya hapo Mwalimu alipangiwa dripu nane za dawa, moja kila baada ya wiki tatu. Lakini kila zamu ilipofika kulikuwa na kipimo cha kurudia, na kila kipimo kilikuwa na foleni ya malipo, kwa hiyo wiki tatu zikawa tano, na tano zikawa sita. Nywele zilianguka kwa wakati uliopangwa. Dawa ndiyo iliyochelewa.

Kwenye chumba cha dripu alizoeana na Bwana Hizza Songoro, mkurugenzi mstaafu wa forodha, mzee mnene mwenye saratani ya utumbo na sauti ya kuamrisha makontena. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuegemea, mkono mmoja umefungwa dripu, mwingine umeshika glasi ya maji yenye vipande vya tango.

"Mwalimu, umeliona lile gari?" alimuuliza.

Mwalimu alikuwa ameliona. Kila jioni saa kumi na moja gari jeupe la wagonjwa, limepambwa maua ya plastiki, lilitoka mlango wa nyuma likateremka kilima. Likishuka lilikuwa na mtu ndani. Likipanda lilikuwa tupu.

"Nesi anasema hao wamehitimu," Songoro akaendelea.

"Wamehitimu nini?"

"Sijui. Nami niliogopa kuuliza, nisije nikapewa tarehe."

Mwalimu alimwita nesi, akaomba aonyeshwe vyeti vya wahitimu. Nesi alicheka kwa adabu, na mwisho wa wiki kwenye ankara ya Mwalimu kukawa na ada ya udadisi.

* * *

Baada ya dripu ya nne alishikwa na homa. Meno yaligongana, shuka ikaloa, na alipojaribu kuhesabu mapigo ya moyo wake alipotea kwenye mia na thelathini. Alibonyeza kengele. Siku ya kwanza aliletewa shuka mpya. Siku ya pili aliletewa mpiga kinanda. Siku ya tatu alikuja mtu aliyevaa suti ya kijivu, kabeba kishikwambi, akajitambulisha kwa kuinama.

"Mteja mpendwa, mimi ni Bwana Pima Lukindo, Afisa Uhai. Hongera sana!"

"Hongera ya nini? Nina homa ya arobaini. Daktari yuko wapi?"

"Umehitimu, Mwalimu. Leo jioni unahamishiwa Chini."

"Nimepata dripu nne kati ya nane," Mwalimu alisema, akijiinua kwa kiwiko. "Hiyo ni nusu. Darasani kwangu mtoto akipata nusu hahitimu, anarudia."

"Nakuelewa," Bwana Lukindo alisema, na kweli alikuwa na uso wa mtu anayeelewa. "Lakini sisi hapa hatuna utaratibu wa kufa."

"Sina mpango wa kufa."

"Ndiyo maana tunakuhamisha mapema, kabla mpango haujabadilika."

Alimpa karatasi tatu atie saini. Ya kwanza ilisema anahama kwa hiari. Ya pili ilikuwa ya shukrani kwa huduma. Ya tatu Mwalimu hakuweza kuisoma, herufi zilikuwa zinaogelea. Aliitia saini kwa mara ya kwanza maishani bila kuisahihisha. Saa kumi na moja alibebwa mpaka kwenye gari la maua. Badru alilifuata kwa baiskeli, akikanyaga breki kilima kizima, maana gari lilikwenda taratibu kama la mazishi.

* * *

Chini hapakuwa na chemchemi, ingawa maji yalikuwepo: mvua ikinyesha yaliingia wodini kwa mlango wa mbele na kutokea wa nyuma. Daktari wa zamu, Nyamizi Lugoye, mwanamke mfupi aliyevaa mabuti ya mpira, hakumsalimia mgonjwa. Alimgusa paji la uso.

"Nani amemwacha na homa kali namna hii?"

"Juu," Badru akajibu.

"Nilijua, nimeuliza kwa hasira tu." Akageuka. "Sista, leta sindano, leta dawa ya homa kali, sasa hivi! Chembe zake za kinga zimeshuka. Mama, jina lako nani?"

"Mwalimu Kazija."

"Mwalimu, usilale. Nihesabie saba-saba mpaka mia saba."

Alihesabu. Alipofika mia tano na tisini na tano alikosea, akarudi nyuma mwenyewe kujisahihisha, na daktari akajua huyu atapona homa. Ilichukua siku tisa.

Dripu ya tano ilipokuja, Mwalimu aliomba aone chupa. Alikuwa ameitazama chupa ya kule Juu kwa saa nyingi na aliijua kama uso wa jirani. Ilikuwa ileile. Kampuni ileile, boksi lilelile, mpaka ile alama ya kijani kwenye kifuniko.

"Kule nililipa mara tisa ya hapa," alisema.

"Zote zinatoka bohari moja," Daktari Lugoye alisema, akigonga mrija kwa kidole. "Zikipelekwa kilimani gari linapandisha. Labda ni mafuta."

Walilala wawili kitanda kimoja. Mwenzake aliitwa Bi Tunu Mabewa, muuza mihogo, aliyekuwa amechangiwa na soko zima apelekwe Juu, kisha naye akahitimu. Alikuwa mcheshi, na usiku alijikunja ukutani ili Mwalimu apate nafasi. Lakini homa yake ilikuwa imeachwa wiki mbili, si siku tatu, na dawa ilimkuta ameshaenda mbali. Alifariki Ijumaa saa nne asubuhi akiwa ameshika mkono wa Mwalimu. Mwanawe, kijana wa polisi, alikuja na sare zake, akakunja kanga ya mama yake vizuri sana, kona kwa kona, akaondoka nayo kwapani.

Mwalimu hakulia mpaka kijana alipotoka. Kisha akafuta uso kwa shuka.

"Daktari. Bi Tunu ameandikwa wapi?"

"Hapa kwangu."

"Lakini alianza kufa kule."

"Alianzia kule, kaandikwa hapa. Ndivyo tulivyo, Mwalimu. Kule wanapewa sifuri, sisi tunapewa maiti, halafu tunapunguziwa bajeti." Daktari alivuta droo, akatoa daftari nene la jalada jekundu. "Hili ni langu, wizara hailijui. Kila anayeletwa na lile gari namwandika jina, siku aliyofika, na kama amepona ama la."

Mwalimu aliliomba. Alilisoma kwa miezi saba: wakati wa dripu zilizobaki, na wakati wa mionzi, chini ya mashine kuukuu ambayo ilipasha moto kupita kiasi kila mchana na kulazimika kupumzishwa. Badru alikuja kila siku na zana zake. Alianza kwa kutengeneza kiti kimoja cha magurudumu kilichokuwa kinamkera, na mwisho wa miezi saba hospitali nzima ilikuwa inatembea.

Nywele zilirudi, nyeupe. Daktari Lugoye alimpima, akampima tena, akamwambia, "Nenda kafundishe."

* * *

Kabla ya kurudi shuleni ilibidi apitie Idara ya Watumishi. Karani alibofya, akasoma, akamtazama, akasoma tena.

"Mwalimu, wewe umefariki."

"Mimi?"

"Tarehe tisa Machi, saa kumi na moja jioni, garini."

"Nani aliyethibitisha?"

"Wewe mwenyewe." Karani alimgeuzia karatasi. "Saini yako si hii?"

Ilikuwa ile karatasi ya tatu. Utaratibu, karani alieleza bila ubaya wowote, ulikuwa wa kuokoa muda: kila aliyehamishwa kutoka Juu alihesabiwa amefia Chini siku hiyohiyo, maana huko ndiko alikokuwa anaelekea.

"Na aliyepona?"

"Aliyepona anavuruga."

"Sasa nifanyeje?"

"Kuhusu hilo sijui, Mwalimu. Marehemu hawahudumiwi dirisha hili."

Ukutani, pembeni ya dirisha, ilibandikwa Taarifa mpya ya Uhai. Mwalimu aliisoma akiwa amesimama, akachomoa kalamu. *Juu: wagonjwa 351, vifo sifuri. Chini: wagonjwa 400, vifo 276.* Sitini na tisa katika kila mia, kama kawaida.

Alikwenda moja kwa moja mpaka Chini, akaomba ubao wa kuandikia zamu za manesi, akaufuta. Daktari Lugoye alikuja na mabuti yake. Badru alikaa juu ya ndoo.

"Tazameni," Mwalimu alisema. "Hao mia nne wa Chini, mia mbili na kumi na wanne waliletwa na gari la maua. Wizara imewaua wote kwa karatasi. Daftari linasema tisini na saba wako hai, nami mmoja wao. Waliokufa kweli ni mia moja na kumi na saba. Hao wote walianza matibabu Juu. Juu ilianza na watu wangapi? Mia tatu hamsini na mmoja. Gawanya."

"Theluthi moja," Badru alisema, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakusahihishwa.

"Theluthi moja kamili! Sasa waliokuja hapa wenyewe, kwa miguu yao: mia na themanini na sita. Waliokufa?"

"Sitini na wawili," Daktari Lugoye alisema kwa sauti ndogo. Hao aliwajua kwa majina.

"Theluthi moja. Kule kilimani na hapa machinjioni wanakufa sawasawa, ila kule unalipa mara tisa. Na usawa wenyewe umepatikana kwa sababu ninyi mnawaokota tisini na saba. Wangewaacha kulekule kwenye kinanda, wangekufa mia mbili na kumi na wanne."

Daktari alikaa chini. Kwa miaka sita alikuwa ameambiwa kila mwaka, kwa barua yenye muhuri, kwamba yeye ndiye daktari mbaya kuliko wote nchini. Alitazama ubao mpaka macho yakajaa.

* * *

Katika Fanakani habari huenda haraka, hasa zile zilizokatazwa. Wiki haijaisha, Waziri Kilumanga akafika nyumbani kwa Mwalimu na magari manne. Alikaa kwenye kochi, wasaidizi wakakaa kwenye mikono ya kochi.

"Mwalimu," alianza, "taifa limepokea taarifa za uhai wako kwa mshituko na furaha. Kifo chako kilikuwa hitilafu ya kiufundi ambayo imeshaundiwa tume. Juma lijalo Juu inatimiza miaka kumi. Tunakuomba usimame jukwaani, useme maneno mawili tu: nimepona Juu. Picha yako itawekwa kwenye bango njia panda zote. Utafufuliwa rasmi, na mshahara wako wote wa kipindi ulipokuwa marehemu utalipwa."

"Na kiwanja?" Badru aliuliza.

"Kinarudi! Na nyumba juu yake."

Mwalimu alimtazama mumewe. Badru aliinama, akafuta mafuta ya baiskeli mkononi, akafuta tena pale palipokwisha takata. Kile kiwanja alikuwa amekinunua kwa miaka kumi na minne ya pancha.

"Amua wewe, Mama Latifa," alisema mwishowe. "Walishakuzika kwenye karatasi. Mimi sitaki wakuzike tena kwenye bango."

Mwalimu akamgeukia Waziri, akatabasamu kama anavyotabasamu kabla ya kugawa mitihani.

"Nitakuja. Nitazungumza."

* * *

Siku ya sherehe wateja wapendwa wote walisukumwa nje na vitanda vyao, wakapangwa safu uwanjani chini ya miamvuli, kila kitanda kimefungwa puto. Walikuwa pambo. Mabalozi walikuwepo, bendi ilikuwepo, polisi walikuwepo. Nyuma kabisa ilisimama kwaya kubwa isiyojulikana, iliyoingia kwa kusema imetumwa na wizara, na katika Fanakani hakuna anayethubutu kuuliza wizara ipi.

Waziri alihutubia saa moja na nusu. Alisema Juu ni mwanga, ni mnara, ni tai, ni mnara wenye tai. Kisha akamkaribisha shahidi.

Mwalimu alipanda bila hotuba aliyoandikiwa. Alikuwa na daftari jekundu.

"Habari za asubuhi," alisema.

"Nzuri, Mwalimu!" umati ukaitika, maana nusu ya mji ilipita darasani kwake.

"Leo tunaita mahudhurio. Ninayemtaja aseme nipo. Hawa wote, kwa mujibu wa serikali, ni marehemu. Abeli Kisamo!"

Kwaya ilitikisika. Mwanamume mwembamba mwenye fimbo akasimama mbele. "Nipo!"

"Zaituni Mfaume!"

"Nipo, Mwalimu!"

"Deodati Ngwale!"

"Nipo hapa!"

Waziri alimkonyeza mwenye mitambo azime kipaza sauti, kikazimwa. Lakini sauti ya mtu aliyefundisha watoto sabini kwa chumba haihitaji umeme. Aliita, na wao waliitika, mmoja mmoja, wenye makovu, wenye vilemba, wenye nywele mpya zilizosimama kama za vifaranga. Mabalozi walianza kuandika. Bendi iliamriwa ipige wimbo wa taifa. Mpiga ngoma alisikia jina la shangazi yake, akaangusha vijiti.

Kisha akaita, "Tunu Mabewa!"

Aliita tena.

"Tunu Mabewa!"

Askari kijana aliyekuwa akilinda ngazi za jukwaa alivua kofia.

"Hayupo," alisema. "Ni mama yangu."

Kuanzia hapo ndugu nao walianza kujibu. Nipo. Nipo. Hayupo. Nipo. Hayupo, alikuwa mume wangu. Jua lilipanda, na hakuna aliyekwenda kivulini. Bwana Lukindo, Afisa Uhai, alionekana akibofya kishikwambi, kisha akakizima, akabaki amekishika kifuani.

Daftari lilipoisha, Waziri alipata sauti. "Wakamateni!"

"Kina nani, Mheshimiwa?" kamanda wa polisi aliuliza.

"Hao wote!"

Kamanda aliwaza. "Wameshafariki, Mheshimiwa. Fomu ya mahabusu inataka mtu aliye hai. Kwanza wizara ingetuandikia kwamba ilikosea."

Wakati wakibishana, sauti ya kuamrisha makontena ilitoka kitanda cha tatu, safu ya mbele.

"Mwalimu! Dawa ya huko Chini ni ileile?"

"Chupa ileile, Bwana Songoro. Maji tu ndiyo hayana tango."

"Nikipata homa?"

"Watakutukana, halafu watakutibu."

Songoro alipasua puto lake kwa sindano ya dripu. "Mama Songoro," alimwambia mkewe, "fungua breki za kitanda. Tunashuka."

Badru alishafika na bisibisi. Kitanda kikaanza kusogea, kikafuatwa na cha pili, cha saba, cha ishirini. Wake walisukuma, watoto walishika dripu juu, marehemu wa kwaya walijipanga pande zote kuzuia vitanda visikimbie mteremkoni. Getini alikuwa ametangulia askari yule kijana, na mkubwa wake akampigia kelele kutoka jukwaani kwamba vitanda ni mali ya hospitali.

"Nimelipia ada ya kitanda miezi kumi na mmoja!" Songoro alinguruma. "Nimekinunua mara sita! Nikuonyeshe risiti?"

"Haina haja, mzee," askari alisema, akafungua geti mbawa zote mbili.

Jioni ile redio ilitangaza kwamba Juu imepata ushindi mwingine: sasa haina hata mgonjwa mmoja. Chini walikuwa wamejaa mpaka varandani, vitanda vya kisasa vimefika mpaka jikoni, na Daktari Lugoye aliwapangia zamu akitukana huku akicheka. Wengine kati ya walioshuka hawakupona. Waliandikwa, kila mmoja kwa jina lake na mahali alipocheleweshwa.

Badru alichanganya rangi nyeusi, akamshikia Mwalimu ngazi, naye akaandika kwenye ukuta ule unaotazama kilimani, kwa tarakimu ndefu kuliko mtu: WALIO HAI 221. WALIOKUFA 179, MAJINA YAO YAPO NDANI, KARIBUNI MSOME.

Wizara ilileta chokaa mchana wake. Asubuhi Mwalimu akaandika upya kabla ya kwenda darasani, alikofundisha akiwa bado marehemu kwenye karatasi. Wakaleta chokaa tena. Akaandika tena, na wanafunzi wa darasa la sita wakaja kukagua kama kajumlisha sawa. Mkwe wake alimsihi kwa simu apumzike, wizara ikamtishia, kisha ikambembeleza, kisha ikaishiwa chokaa, ikaagiza nyingine kutoka nje.

Asubuhi ya mia moja na nne alipanda ngazi, akachovya brashi, na safari hii hakuandika 221. Aliandika 222. Kisha akatazama chini, alikokuwa amesimama mzee mmoja aliyekonda, aliyeruhusiwa jana yake kwenda nyumbani, suruali imefungwa kwa kamba, ameikumbatia ngazi kwa mikono yote miwili.

"Imekaa vizuri, Bwana Songoro?"

"Mbili ya mwisho imelala kidogo," Songoro alisema. "Futa, uandike tena."